Kura 66: kwa nini Local 22 ya Winston-Salem ilidumu miaka saba tu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Urambo, nimekulia kwenye tumbaku, na sasa naishi North Carolina. Mjini Winston-Salem nimeona kibao cha kihistoria kinachotaja mgomo wa wafanyakazi wa majani ya tumbaku, wengi wao wanawake weusi, wa tarehe 17 Juni 1943, na chama cha Local 22 ambacho harakati zake zilidumu miaka saba. Miaka saba tu? Mwenzangu kazini, mwenyeji wa hapa, anasema kiliuawa na ukomunisti wake, na kwamba Reynolds, kampuni ya tumbaku ya hapa, walilipa vizuri tu bila chama. Naomba unieleze kilianzaje na kilikufa kwa nini."

Marahaba, ndugu yangu. Mwenzako hajakudanganya, ila ameshika sababu moja akaifanya ndiyo zote. Mimi naona hivi: Local 22 ilizaliwa katika chumba kimoja cha kazi, nguvu zake zilitoka katika chumba hicho, na kampuni ilipopata njia ya kukiendesha bila watu wengi, chama kilianza kuishiwa pumzi. Siasa na sheria zilikuja kukimalizia. Kwa hiyo tuanzie chumbani.

Wewe unaijua tumbaku kuanzia kitaluni, ikaingia banini, ikafungwa mtumba na kupelekwa sokoni. Kiwandani inaanza safari nyingine. Jani lililokaushwa hufungiwa kwenye mapipa makubwa ya mbao na kulazwa ghalani miaka miwili au zaidi mpaka ukali wake upungue. Likitolewa huko ni kavu, ukiligusa linapukutika, kwa hiyo hupigwa mvuke lilainike. Halafu inakuja kazi ya kuondoa uti, ule mshipa mgumu unaopita katikati ya jani. Uti ukibaki, tumbaku haikatiki sawasawa. Kwa mkono, unalishika jani, unauvuta uti ukachomoka, na nusu mbili za jani zinabaki kiganjani. Reynolds walikuwa na mashine za kukata uti, lakini mashine za wakati ule zilihitaji mtu wa kuzilisha jani kwa jani, na mtu huyo alikuwa mwanamke mweusi. Kulikuwa na joto na unyevu, na vumbi la tumbaku liliwakaba kooni. Nyuma yao alipita nyapara mzungu akiangalia nani amechelewa.

Jani likishatoka hapo hukatwa nyuzi nyembamba, hutiwa viungo, kisha hupelekwa kwenye mashine za kutengeneza na kupakia sigara. Ukifika huku, rangi ya watu inabadilika. Waliosimama kwenye mashine za sigara walikuwa wazungu, wanaume kwa wanawake, mahali pasafi zaidi na kwa mshahara mkubwa zaidi. Weusi walibaki kwenye majani. Hivi ndivyo viwanda vya tumbaku vya kusini mwa Marekani vilivyopangwa tangu enzi za utumwa, watumwa walipokuwa wakisokota tumbaku ya kutafuna huko Virginia na North Carolina. Na mpango huo ulikuwa na upande ambao wenye kampuni hawakuupigia hesabu: uliwakusanya maelfu ya watu wenye malalamiko yaleyale katika hatua moja ya kazi ambayo hakuna namna ya kuiruka. Uti usipoondolewa leo, baada ya muda mfupi mashine za Camel, sigara ya Reynolds, hazina cha kutafuna.

Mpaka kufikia 1943 vyama havikuwa vigeni mjini. Chama kikongwe cha tasnia hii, Tobacco Workers International Union (TWIU), kilianzishwa mwaka 1895 mjini St. Louis. Nakiheshimu kwa umri wake tu. Kilikitegemea zaidi kile kibandiko cha kuonyesha kwamba bidhaa imetengenezwa na wanachama wa chama: kampuni ndogo zilikubali kuwa na chama ili zipate kibandiko hicho na kuuza kwa wafanyakazi wenzao. Wanachama weusi waliwekewa matawi yao peke yao. Mkutano mkuu ulifanyika mwaka 1900, na uliofuata ukafanyika 1939, tena baada ya wanachama kwenda mahakamani! Hata hivyo mwaka 1919, soko la kazi lilipokuwa bado limebana baada ya vita vya kwanza, chama hicho kiliwapatia wafanyakazi wa Winston-Salem mkataba wa kupunguza saa za kazi na kuongeza mshahara. Mdororo wa uchumi uliofuata ulikizoa. Ilipofika 1921 hakikuwa na cha kuonyesha mjini. Wazee wa mji hawakusahau kwamba chama kilikuja, kikachukua ada, kikaondoka.

Huko Richmond, Virginia, mwaka 1937, waondoa uti wa kiwanda cha Carrington and Michaux waligoma wenyewe bila kumwuliza mtu. TWIU haikuwajali. Vijana wasomi wa Southern Negro Youth Congress ndio waliowasaidia kuunda chama chao. Ulikuwa mwanzo mdogo, lakini ulionyesha kwamba hao waliodhaniwa hawawezi kuandikishwa ndio waliokuwa tayari kuliko wote.

Sasa turudi Winston-Salem. Mji ulikuwa wa kampuni, usifikirie vinginevyo. R. J. Reynolds alifungua kiwanda chake hapo mwaka 1875, Camel ikaingia sokoni 1913, na kufikia vita vya pili kampuni ilikuwa imeajiri zaidi ya watu 10,000, wengi wao weusi. Vita viliibana. Vijana walichukuliwa jeshini, mahitaji ya sigara yakapanda kwa sababu askari walizipata kwenye posho yao ya chakula, na kasi ya mashine ikaongezwa kwa wale waliobaki. Wakati huohuo waandaaji wa UCAPAWA, chama cha wafanyakazi wa mashamba na viwanda vya vyakula kilichokuwa chini ya CIO, shirikisho la kitaifa la vyama vya wafanyakazi, walikuwa wameshaingia mjini kimyakimya na kukutana na watu majumbani na makanisani. Kwa hiyo mgomo ule haukudondoka kutoka mawinguni, ingawa siku yenyewe hakuna aliyeipanga.

Tarehe 17 Juni ilikuwa Alhamisi. Katika kiwanda namba 65, mwanamke mmoja mjane alikuwa anaumwa na kazi yake ikabaki nyuma. Nyapara akamwambia kama hawezi, mlango ule pale. Wenzake wakashauriana wakati wa chakula: tukirudi, tusiguse mashine. Aliyewaongoza ni Theodosia Simpson, mwanamke kijana aliyekuwa na elimu kuliko wengi pale. Kwa simulizi za waliokuwepo, mwanamume mmoja wa chumba hicho, James McCardell, alitamka kwamba kama wanawake wanasimamia haki yao yeye yuko pamoja nao. Muda mfupi baadaye akaanguka, akafa palepale kazini. Wenzake walijua kwamba siku zile alikuwa mgonjwa na alishakwenda kwa muuguzi wa kiwanda, akarudishwa kazini. Baada ya hapo hapakuwa na wa kuwashawishi. Waliipa mashine mgongo na kukaa.

Akaja John Whitaker, mkubwa wa uzalishaji. Mabosi wa namna yake hawakuwa na mazoea ya kujadiliana na mwondoa uti. Aliwaeleza kwamba hata kampuni ikitaka kuongeza mshahara, kanuni ya serikali ya wakati wa vita inaizuia. Simpson alikuwa msomaji wa magazeti. Akamjibu kwamba kanuni hiyo anaifahamu, na kwamba inaruhusu nyongeza ya hadi asilimia 15 juu ya mishahara ya mwanzoni mwa 1941. Jambo hilo ndilo ninalotaka ulishike zaidi ya yote katika siku ile, kwa sababu wale waliomsikia walielewa kwamba mkubwa anaweza kujibiwa, tena kwa hesabu zake mwenyewe.

Habari zilishuka ghorofa hadi ghorofa, zikavuka barabara hadi viwanda vingine. Ndani ya siku chache maelfu walikuwa wameacha kazi na uzalishaji ukasimama. Kampuni ikakubali kuzungumza na kamati ya wafanyakazi, watu wakarudi kazini, na kadi za chama zikajazwa kwa mafungu. Desemba ya mwaka huohuo, katika uchaguzi uliosimamiwa na Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, chama kilishinda kwa tofauti kubwa, na mkataba wa kwanza wa hali bora ukapatikana mwaka 1944. Mwaka huo UCAPAWA ikabadili jina ikawa FTA, na tawi la Winston-Salem likajulikana kwa namba yake, Local 22.

Mkataba ulileta nini? Nyongeza ya mshahara, ndiyo, lakini waliozeeka wakisimulia walitaja kwanza utaratibu wa malalamiko. Kila idara ilikuwa na mwakilishi wake aliyechaguliwa, na nyapara akimwonea mtu, mwakilishi anasimamisha mazungumzo hapohapo. Kwa mwanamke aliyezoea kuitwa kwa jina la dharau, kumwona mwenzake akimdai mzungu majibu mbele ya watu kulikuwa na uzito kuliko senti kadhaa kwa saa. Wengi wa wawakilishi hao walikuwa wanawake: Velma Hopkins, Viola Brown, Ruby Jones. Robert Black, mwanamume, alikuwa miongoni mwa wasemaji wakuu. Na Moranda Smith alipanda mpaka kuwa mkurugenzi wa FTA kwa ukanda wa kusini, cheo ambacho kabla yake hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kukishika katika eneo hilo.

Ukumbi wa chama ulikuwa na maktaba, ukawa na vitabu vya historia ya watu weusi ambavyo shule hazikuvifundisha. Pale ndipo watu walipofundishana katiba ili wapite mtihani wa kuandikishwa kupiga kura, mtihani uliotungwa kuwaangusha. NAACP, jumuiya ya kutetea haki za watu weusi, ambayo mwaka 1942 ilikuwa na wanachama 11 tu mjini humo, ilifikisha 1,991 mwaka 1946. Mwaka 1947 mchungaji Kenneth Williams alichaguliwa kuingia baraza la mji akimshinda mpinzani mzungu, jambo ambalo lilikuwa halijatokea katika miji ya kusini katika karne ile. Kwa kweli kibao ulichokisoma kinapotaja haki za kiraia pamoja na haki za kazi hakipambi maneno.

Lakini angalia walikotoka wanachama. Wazungu wa mashine za sigara walijiunga wachache sana. Chama kilijaribu, hata kikaleta waandaaji wazungu kwa kazi hiyo, lakini mzungu aliyejiunga alikuwa anajitenga na majirani na kanisa lake. Local 22 ilikuwa chama cha watu wote kwenye karatasi. Kwenye sakafu ya kiwanda ilikuwa chama cha majani.

Udhaifu huo ulijionyesha mwaka 1947. Mkataba ulipofikia mwisho wake, mazungumzo yalikwama na mgomo ukaanza tarehe 1 Mei, ukadumu zaidi ya wiki tano. Weusi waliacha kazi karibu wote. Wazungu wengi waliendelea kuingia, na kampuni iliweza kutoa sigara kwa kiasi fulani. Tarehe 19 Mei gazeti la mji, Winston-Salem Journal, likatoka na habari kubwa ukurasa wa mbele ikidai kufichua ushirika kati ya chama na wakomunisti. Paul Robeson, mwimbaji mweusi maarufu, alikuja kuwaimbia na kuwatia moyo. Mwishowe nyongeza ilipatikana, na ukisoma masharti utasema wafanyakazi walishinda. Mimi huuhesabu kama mwanzo wa mwisho, kwa sababu kampuni ilitoka pale ikijua mambo mawili: kwamba wazungu hawatagoma, na kwamba chumba cha uti ndicho pekee kinachoweza kuisimamisha.

Ikaanza kulishughulikia hilo la pili. Mashine mpya za kuondoa uti, zisizohitaji kulishwa jani kwa jani, ziliingizwa kwa kasi, na mamia ya nafasi za kazi zikafutwa, nyingi zikiwa za wanawake waliokuwa uti wa mgongo wa chama. Pamoja na hayo kampuni iliajiri wazungu wengi zaidi, ili uwiano ubadilike kabla ya uchaguzi wowote ujao. Haikuhitaji kumfukuza kiongozi hata mmoja kwa kosa la kuwa kiongozi. Idara yake ilipungua tu.

Sheria nazo zikageuka. Mwaka huohuo jimbo la North Carolina lilipitisha sheria ya kuzuia kumlazimisha mfanyakazi kuwa mwanachama wa chama, na Juni Bunge la Marekani likapitisha sheria ya Taft-Hartley juu ya kura ya turufu ya Rais Truman. Kifungu kimoja kiliwataka viongozi wa chama waape kwa maandishi kwamba si wakomunisti. Chama ambacho viongozi wake hawakuapa hakikuruhusiwa kutumia Bodi ya Mahusiano ya Kazi. Viongozi wa FTA walikataa kuapa. Mkataba ulipokwisha mwaka 1948, Reynolds walikataa kujadili mwingine, na hapakuwa na mahali pa kuwashtaki. Bila mkataba hakuna makato ya ada kwenye mshahara. Wawakilishi walilazimika kupita mlango kwa mlango kukusanya ada mkononi. FTA ilikuja kukubali kuapa mwaka 1949, wakati hasara imeshaingia.

Hapa ndipo napofika kwa mwenzako. Je, walikuwa wakomunisti? Baadhi ya viongozi, ndiyo, walikuwa wanachama wa chama cha Kikomunisti, na si siri tena. Wenyewe walikuja kueleza. Sababu yao haihitaji nadharia ndefu. Katika North Carolina ya 1943, ukitafuta mzungu atakayekaa nawe meza moja, akuite bibi au bwana, na kudai hadharani kwamba ubaguzi uishe, hukuwa na wengi wa kuchagua. Maelfu ya wanachama wa kawaida walikuwa Wabaptisti, na mikutano yao ilifunguliwa kwa sala. Tuhuma zile zilifanya kazi gani, basi? Ziliwatisha wazungu wachache waliokuwa wakifikiria kujiunga, ziliwapa baadhi ya wachungaji na wafanyabiashara weusi sababu ya kujiweka kando, na zilikitenga chama na marafiki zake wa kitaifa. CIO, shirikisho lao wenyewe, iliifukuza FTA mwaka 1950. Hilo la mwisho lilikuwa pigo zito. Ila tuhuma zilezile zilikuwapo mwaka 1943, na zikashindwa, kwa sababu wakati ule chumba cha uti kilikuwa kimejaa watu.

Uchaguzi wa mwisho ulifanyika Machi 1950, na naomba uutazame kwa makini kwa sababu watu hupenda kuutaja kama ushahidi kwamba wafanyakazi walikichoka chama. Kwenye karatasi ya kura palikuwa na machaguo manne: Local 22; TWIU (kile chama kikongwe); chama cha wachukuzi wa mizigo wa stesheni za reli, ambacho CIO ilikitumia kuingia mahali pa FTA; na kutokuwa na chama kabisa. Hakuna aliyepata nusu, Local 22 ikaingia raundi ya pili dhidi ya "hakuna chama". Hesabu ya kwanza iliipa Local 22 ushindi mwembamba. Zikafunguliwa kura zilizokuwa zimewekewa pingamizi, na matokeo yakageuka: chama kikashindwa kwa kura 66. Kati ya maelfu ya wapiga kura! Baada ya mashine, baada ya miaka miwili bila mkataba, baada ya kufukuzwa na shirikisho lake. Moranda Smith alifariki mwezi uliofuata, akiwa na umri wa miaka thelathini na ushee, na Robeson alirudi mjini kumzika. Chama hakikuinuka tena pale, na viwanda vya sigara vya Reynolds vya Winston-Salem vilibaki bila chama.

Usichanganye hiki na chama cha leo cha wafanyakazi wa mikate, tumbaku na nafaka, BCTGM. Hicho ni mrithi wa TWIU, ambayo iliungana na waoka mikate mwaka 1978, kisha wasagaji nafaka wakaongezeka 1999. FTA haimo katika ukoo huo. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa tumbaku, huenda hukujua kwamba Reynolds yenyewe tangu 2017 ni mali ya British American Tobacco, BAT hiyohiyo yenye kiwanda Nairobi.

Limebaki la mshahara. Ni kweli Reynolds walilipa vizuri baada ya 1950, na wafanyakazi wao wengi walijenga nyumba na kusomesha watoto kwa kazi ile. Lakini mwulize mwenzako kipimo cha "vizuri" kilitoka wapi. Kule Durham, na katika viwanda vya American Tobacco na vya Liggett and Myers, mikataba ya vyama iliendelea kupandisha viwango, na Reynolds walivifuata kwa karibu ili mtu asipate sababu ya kuchukua kadi tena.